Kumchuja mgombea kwa hoja ya umeme: mwongozo kamili kwa wajumbe wa kura za maoni Nyanda za Juu Kusini

Katika majimbo mengi ya Mbeya, Songwe, Iringa na Njombe, mbunge hupatikana kwenye kura za maoni, yaani kura za wajumbe ndani ya chama. Uchaguzi Mkuu huja kuweka muhuri tu. Kwa hiyo mjumbe anayeingia ukumbini bila kumchunguza mtu anamwachia mwenye fedha na mdomo nafasi ya miaka mitano.

Mwongozo huu unaangalia eneo moja ambalo ahadi ni nyingi na anayezikagua hapatikani, nalo ni nishati. Msimamo wetu ni wa kihafidhina na tunausema wazi. Kilichoanza kimalizwe kabla ya kuanza kipya. Serikali isitumie fedha isiyo nayo. Mkataba usiwafunge wasiozaliwa. Maji na misitu tuliyorithi isiuzwe kwa jina la maendeleo. Mgombea apimwe kwa aliyokwisha kuyatenda na kwa hesabu anayoweza kuitetea. Asiye na msimamo huu bado anaweza kuzitumia hatua zilizomo hapa, kwa sababu hesabu ni zilezile.

Hatua ya 1: Tenganisha kazi ya mbunge na kazi ya wengine

Mgombea akisema "nitawaletea nguzo", muulize kwa mamlaka gani. Nguzo na waya ni kazi ya TANESCO. Miradi ya vijijini husimamiwa na REA, wakala ulioundwa kwa Sheria ya Nishati Vijijini ya 2005. Bei ya umeme na bei kikomo za mafuta hupangwa na EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji. Mbunge hana saini kwenye lolote kati ya hayo.

Alichonacho ni kura kwenye bajeti ya Wizara ya Nishati, inayosomwa bungeni kwa kawaida kati ya Aprili na Mei. Ana haki ya kuuliza maswali ya msingi na ya nyongeza, kupeleka hoja binafsi na kukaa kwenye kamati ya kudumu. Anaweza kumbana waziri juu ya orodha ya vitongoji. Ni mjumbe wa baraza la madiwani pia, kwa hiyo sheria ndogo za halmashauri juu ya mkaa, misitu na vyanzo vya maji zinapita mbele yake.

Anayejua mipaka hii atakuambia, "Nitahakikisha vitongoji vyenu vinaingia kwenye orodha ya mkandarasi, na nitauliza bungeni visipoingia." Hiyo ni ahadi unayoweza kumdai. Ya nguzo huwezi, kwa sababu zisipokuja atakuambia TANESCO ndio waliochelewa, naye atakuwa anasema kweli.

Hatua ya 2: Jua jina hukatwa wapi

Utaratibu hubadilika, na wajumbe wengi hukwama hapa. Mwaka 2020 wajumbe wa CCM walipiga kura kwanza, mchujo ukafuata, na waliokuwa wameongoza baadhi yao wakaachwa. Mwaka 2025 mambo yaligeuka: Kamati Kuu ilichuja kwanza, majina yaliyobaki yakarudi majimboni, na kura za maoni zikapigwa Agosti 4. Vyama vingine vina vikao vyao, lakini kwa kawaida neno la mwisho hubaki kwa vikao vya taifa.

Maana yake ni kwamba taarifa nzito juu ya mgombea ina thamani kabla ya mchujo. Ukisubiri siku ya kujinadi, utampata mtu amepewa dakika chache za kuzungumza, wagombea wamezungushwa pamoja kata kwa kata, na maswali ni mawili matatu ya haraka. Pale huchunguzi kitu.

Kwa hiyo peleka taarifa mapema kwa katibu wa ngazi yako, kwa maandishi, ukiwa umeweka jina lako na kiambatisho cha kila unachodai. Barua isiyo na jina huishia kuitwa majungu hata kama imesema kweli tupu. Usiandike usichoweza kukithibitisha, wala usisambaze kwenye makundi ya simu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 zinakuhusu wewe kama zinavyomhusu mwingine. Mambo ya ndoa yake, ugonjwa wake na kabila lake yaache.

Hatua ya 3: Kusanya nyaraka kabla ya kusikiliza maneno

Anza na sifa za Katiba. Ibara ya 67 inamtaka mgombea ubunge awe raia, ametimiza miaka 21, anajua kusoma na kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza, na ni mwanachama aliyependekezwa na chama cha siasa. Kuna kifungu ambacho wajumbe wengi hukiruka: asiwe ametiwa hatiani na mahakama kwa kosa la kukwepa kodi ya Serikali ndani ya miaka mitano kabla ya Uchaguzi Mkuu. Kwa mfanyabiashara wa mbao, mahindi au mafuta, hilo ndilo la kuangalia kwanza.

Kama aliwahi kuwa mbunge, fungua Hansard, kumbukumbu rasmi za mijadala, kwenye tovuti ya Bunge. Usihesabu mara alizosimama. Soma alichosema kwenye mjadala wa nishati wa kila mwaka, na utafute mambo matatu: je, alitaja mradi kwa jina na hatua uliyofikia? Je, alirudi mwaka uliofuata kuuliza jibu la waziri liliishia wapi? Je, aliwahi kupinga matumizi yoyote, au kila mwaka alianza kwa pongezi na kumaliza kwa kuunga mkono hoja kwa asilimia mia? Kurudi ndiko kunakotofautisha. Swali lililoulizwa mara moja likaachwa lilikuwa la kamera.

Kama alikuwa mkurugenzi wa halmashauri, mwenyekiti wa halmashauri au bosi wa shirika la umma, chukua ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali, za miaka aliyokuwepo. Ripoti hukabidhiwa kwa Rais mwishoni mwa Machi na huwekwa mezani bungeni Aprili. Usishtuke kuona hoja za ukaguzi, kila taasisi inazo. Angalia hoja iliyojirudia mwaka hadi mwaka bila kufungwa, hasa malipo bila nyaraka na mikataba iliyoongezwa muda bila sababu. Inayojirudia ndiyo tabia.

Kama ni mfanyabiashara, kampuni hutafutwa kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na hukumu za mahakama husomeka bure kwenye tovuti ya TanzLII. Tafuta jina la kampuni na la mtu, kwa tahajia zote mbili tatu anazotumia. Ukiona ni mkandarasi au mgavi wa miradi ya umeme, nguzo au mafuta, hilo halimwondoi, na huku kwetu kwenye misitu ya Sao Hill na mashamba ya miti ya Njombe wafanyabiashara wa nguzo ni wengi na ni waaminifu. Ila atangaze maslahi yake mbele ya wajumbe, na aseme atafanya nini kamati ikijadili zabuni zinazomgusa. Akikwepa swali hilo, mweke pembeni.

Jambo la kuangalia kwa karibu ni wasifu wenyewe. "Mtaalamu mshauri wa nishati" maana yake nini? Kwa nani, mwaka gani, kazi gani? Piga simu mbili. Wasifu uliotiwa chumvi kwenye ukurasa wa kwanza huwa umetiwa chumvi hadi wa mwisho.

Hatua ya 4: Jifunze hesabu nne, umpe mgombea azifanye

Hesabu hizi hazihitaji shahada. Mgombea asiyeziweza ataidhinisha matrilioni bila kujua anaidhinisha nini.

*Megawati si uniti.* Megawati moja ikizalisha saa nzima hutoa uniti 1,000. Mwaka una saa 8,760. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo 9 ya megawati 235, jumla megawati 2,115, na mitambo yote ilikamilika mwaka 2025. Likifanya kazi kwa uwezo wote usiku na mchana lingetoa uniti bilioni 18.5. Lakini makadirio ya mradi ni takriban bilioni 6.3 kwa mwaka, yaani theluthi moja, kwa kuwa maji ya mto hayaji sawasawa miezi yote. Mgombea anayesema "tuna megawati za kutosha, tusijenge kingine" hajagawanya. Sasa linganisha na mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 600, kama uliopangwa Mchuchuma. Ukifanya kazi kwa asilimia 80 ya uwezo wake unatoa uniti bilioni 4.2. Megawati zake hazifiki theluthi ya zile za bwawa, lakini uniti ni theluthi mbili, tena wakati wa ukame na wakati wa mvua. Hatusemi makaa yajengwe kwa gharama yoyote ile. Tunasema mgombea anayeyakataa kwa kuwa ameona wengine wanayakataa, aoneshe uniti hizo za kiangazi atazitoa wapi.

*Bei ya nyumbani.* Mteja mdogo wa daraja la D1 hulipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi. Wa T1, daraja la matumizi ya kawaida, hulipa 292. Ongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1, unapata shilingi 122 kwa D1 na takriban 356 kwa T1. Ndiyo maana shilingi 10,000 ya LUKU kwa T1 inakupa uniti 28. Nyumba inayotumia uniti 75 kwenye D1 hulipa 9,150. Uniti hizohizo kwenye T1 ni karibu 26,700. Tatizo linaanza pale familia tatu zinapochangia mita moja kwenye nyumba ya kupanga Mwanjelwa au Kihesa: kila familia ni maskini wa kustahili D1, lakini mita inasoma kama ya tajiri. Muulize mgombea atalitatuaje. Akijibu "tutashusha bei", muulize pengo litafidiwa na nani, TANESCO au Hazina. Nafuu isiyo na mlipaji hurudi kwetu kama deni la shirika, na deni la shirika tunaliona kwenye transfoma isiyobadilishwa.

*Gharama ya kuunganishwa.* Tangu Januari 2022 kijijini ni shilingi 27,000. Mjini, kwa umeme wa njia moja ndani ya mita 30 bila nguzo, ni 320,960. Tofauti ni karibu shilingi 294,000, na mpaka wake ni mstari wa kiutawala. Pembezoni mwa Mafinga, Makambako na Tunduma kuna mitaa yenye mahindi na ng'ombe inayohesabiwa mji. Hapa mbunge ana kazi halisi: kupeleka orodha ya mitaa yenye sura ya kijiji na kudai itambuliwe. Mwombe mgombea akutajie mitaa hiyo ya jimboni kwake kwa majina. Asipoitaja, hajatembea.

*Kijiji na kitongoji.* Tanzania Bara ina vijiji 12,318, na karibu vyote umeme umefika. Vitongoji ni 64,359, na hapo ndipo kazi ilipobaki. Kijiji huhesabiwa kimepata umeme hata kama nguzo zimeishia kwenye ofisi ya mtendaji, shule na zahanati. Hivyo usikubali "vijiji vyote vina umeme" kama jibu. Dai idadi ya vitongoji, na udai aseme ni umeme wa njia moja au njia tatu. Njia moja inawasha taa na kuchaji simu. Mashine ya kukobolea, mashine kubwa ya kuchana mbao na pampu kubwa ya umwagiliaji zinataka njia tatu. Kijiji cha Mufindi kilicholetewa njia moja kitaendelea kununua dizeli ya kuchania mbao huku waya ukipita juu ya paa.

Hatua ya 5: Maswali kulingana na jimbo

Swali la jumla huleta jibu la jumla. Haya ni ya kwetu.

Mbarali na Usangu kwa ujumla: maji ya mabonde haya huingia Ruaha Mkuu, hujaza Mtera (megawati 80), hushuka Kidatu (204), kisha huishia Rufiji. Tangu miaka ya 1990 mto huo umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Mgombea anayeahidi kupanua skimu za mpunga na wakati huohuo kumaliza mgao wa umeme aeleze maji yatagawanywaje. Jibu linalofaa linataja vibali vya maji vya Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, yenye makao Iringa, linataja mabanio yanayofungwa baada ya mavuno, na linataja mifereji iliyosakafiwa. Mgombea anayewaambia wakulima tu kwamba wameonewa, halafu akienda kwa wahifadhi anageuza maneno, utamjua kwa kulinganisha hotuba mbili.

Njombe, Mufindi na Kilolo: Kihansi (megawati 180) inategemea misitu ya safu hizi. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za chanzo cha maji, lakini mlingoti (mkaratusi) umepandwa hadi kwenye vinyungu, bustani za mabondeni. Uliza: je, atasimama mbele ya wapiga kura wake na kusema miti hiyo iondoke kwenye chemchemi, na kwamba mwenye mti apewe muda wa kuvuna? Hili ni swali gumu kwa sababu linagusa mifuko ya wajumbe wenyewe. Ndiyo thamani yake. Muulize pia kuhusu Ruhudji (megawati 358) na Rumakali (222), miradi ya maji ya mkoa wa Njombe iliyoandikwa kwenye mipango kwa miongo kadhaa. Iko hatua gani: upembuzi, fidia, fedha au ujenzi? Hatua nne, achague moja na alete uthibitisho.

Ludewa: mkataba wa ubia wa makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga kati ya NDC, shirika la maendeleo la taifa, na kampuni ya Kichina ulisainiwa 2011. Waliofanyiwa tathmini walisubiri fidia hadi 2023. Usimuulize mgombea kama anaunga mkono mradi, wote watasema ndiyo. Muulize kilichokwamisha ni nini, atetee upande upi wa masharti, na sheria ya uthamini inasemaje juu ya tathmini iliyopita miaka miwili bila kulipwa.

Rungwe, Busokelo na Mbeya Vijijini: jotoardhi ya Ngozi na Kiejo-Mbaka iko chini ya kampuni ya TGDC, iliyoanzishwa 2013. Hadi 2025 hakukuwa na uniti moja ya jotoardhi kwenye gridi. Ni rasilimali tunayoithamini, maana haitegemei mvua wala dola ya mafuta. Lakini uchorongaji ni kamari ya gharama kubwa, kisima kinaweza kutoka na joto dogo. Mgombea anayetaja mwaka wa kuwasha taa kabla visima havijathibitishwa anabahatisha kwa niaba yako.

Ileje na Kyela: mgodi wa makaa ya mawe wa Kiwira ulibinafsishwa, ukasimama, ukarudi serikalini chini ya STAMICO, shirika la madini la taifa. Muulize nini kilikosewa mara ya kwanza. Asiyejua historia hiyo atasaini yaleyale.

Tunduma, Momba na Sumbawanga: njia ya msongo wa kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Kisada na Mbeya hadi Tunduma na Sumbawanga inafungua biashara ya umeme na Zambia. Rukwa imekuwa ikinunua umeme wa Zambia kwa miaka mingi. Swali: tukiwa na uhaba na jirani ana uhaba, nani anakatiwa kwanza? Kifungu hicho kipo au hakipo ndani ya mkataba?

Na wagombea wote: mitambo midogo. Mwenga kule Mufindi ni megawati 4 za mwekezaji binafsi tangu 2012. Tulila mkoani Ruvuma ni megawati 5 za masista Wabenediktini wa Chipole. Mawengi, Ludewa, wanavijiji wana mtambo wao. Huku ni kujitegemea kwa vitendo: taasisi na watu wa mahali wakijenga kwa kiasi chao, wakiuza ziada kwa TANESCO chini ya utaratibu wa wazalishaji wadogo wasiozidi megawati 10. Mgombea atawaondolea kikwazo gani? Malipo yanayochelewa, vibali vingi au kodi ya mitambo? Tungependa kusikia hili kuliko ahadi ya bwawa jingine kubwa.

Hatua ya 6: Mpe mkataba wa kuusoma

Umeme wetu umeumizwa na saini kuliko ukame. IPTL, kampuni binafsi ya kuzalisha umeme, ilisaini na TANESCO mwaka 1995 kwa miaka 20, megawati 100, na shirika likawajibika kulipia uwezo wa mtambo hata siku ambazo haukuwashwa. Sakata la akaunti ya Escrow (iliyoshikilia malipo yenye mgogoro) la 2014, la zaidi ya shilingi bilioni 300, lilitokana na mkataba huohuo. Mkataba wa kampuni ya Richmond, 2006, ulikuwa wa umeme wa "dharura" wa megawati 100. Kamati teule iliyoongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe, wakati huo mbunge wa Kyela, ilitoa ripoti Februari 2008 na Waziri Mkuu akajiuzulu. Mbunge wa kutoka huku alionesha kwamba kiti hicho, kikitumika, kinang'oa.

Jaribio ni hili. Andika kwenye karatasi moja mkataba wa mfano: mtambo wa megawati 100, malipo ya uwezo dola milioni 2 kwa mwezi, miaka 20, gesi inanunuliwa na TANESCO, mgogoro unaamuliwa London. Mpe mgombea dakika kumi na peni. Anayefaa atafikia kwamba malipo ya uwezo pekee ni dola milioni 480, kwamba yanalipwa hata tusipopata uniti moja, kwamba shilingi ikishuka thamani bei inapanda bila mtu kupiga kura, na kwamba hakuna kifungu cha kupunguza malipo mtambo ukiharibika. Akifikia mawili kati ya manne, anafundishika. Akianza kukuambia juu ya "kuvutia wawekezaji" bila kushika peni, mshukuru na uendelee na mwingine.

Neno "dharura" litiliwe shaka daima. Mgao wa mwishoni mwa 2022, upungufu ulipofika megawati 300 hivi, ulitokana na ukame ulioonekana unakuja. Dharura nyingi za umeme ni matengenezo yaliyoahirishwa.

Hatua ya 7: Pima mkono wake kabla ya kura

Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 inagusa pia mchakato wa uteuzi ndani ya chama, na takrima, kifungu kilichoruhusu mgombea kuwakirimu wapiga kura, ilishatenguliwa na Mahakama Kuu mwaka 2006. Bado mbinu ni zilezile kwa nguo mpya: kreti na ndoo za ulanzi, vitenge, "nauli" ya simu usiku wa kuamkia kura, bodaboda kujaziwa tangi.

Siku hizi kuna mtungi wa gesi wa kilo 6 unaogawiwa kwa jina la nishati safi. Mkakati wa Taifa wa 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034, na lengo ni jema, maana mkaa unamaliza misitu yetu. Mtungi unaogawiwa na mtia nia kwa wajumbe, mwaka wa uchaguzi, ukiwa na picha yake, ni hongo. Zaidi ya hapo haumsaidii aliyepewa. Makete na Njombe mama anapikia kuni si kwa ujinga, jiko la kuni linapasha nyumba moto Juni na Julai. Gesi ikiisha na duka la kujaza liko mbali, mtungi unawekwa uvunguni. Mgombea mkweli atazungumzia vituo vya kujaza kwenye kata, majiko banifu, na shule zinazopikia watoto mamia kwa magogo.

Ukipewa kitu, kiandike: tarehe, mahali, nani alileta, nani waliona. Kisha piga TAKUKURU, namba 113, bila malipo. Kukirudisha kimyakimya kunamwacha huru aende kata ya pili.

Hatua ya 8: Kuamua

Hatupendekezi jedwali la alama mia. Linaonekana la haki, lakini mtu mwenye mdomo hujaza upungufu wa uadilifu kwa alama za "ushawishi". Tumia mlango kwanza, kisha mizani. Mlangoni huzuiwa mtu aliyetoa zawadi, aliyeficha maslahi kwenye zabuni, au aliyedanganya kwenye wasifu. Hapo hakuna kufidia, hata kama ni ndugu yako wa damu. Waliopita mlangoni ndio upime: rekodi iwe na uzito mkubwa kuliko vyote, hesabu ifuate, kisha ujuzi wa jimbo. Ufasaha wa kuongea uwe wa mwisho.

Fanyeni zoezi hili mkiwa wajumbe watano hadi saba wa kata tofauti, kila mmoja aandike uamuzi wake kabla ya kusikia wa wenzake. Mkianza kwa kuzungumza, mkubwa wa umri ataongoza na wengine watafuata kwa heshima.

Hatua ya 9: Baada ya kura

Ahadi za mshindi ziandikwe ukurasa mmoja, zisizidi tano, kila moja ikiwa na jina la mradi, kitongoji au kifungu, na mwaka. Asaini. Nakala moja kwa katibu wa kata, moja ibandikwe ofisi ya chama, moja abaki nayo. Kila mwaka, wiki moja kabla ya hotuba ya bajeti ya Wizara ya Nishati, mjumbe mmoja aliyeteuliwa ampigie simu kumuuliza atachangia nini kati ya hayo matano, na baada ya hotuba atafute mchango wake kwenye Hansard na kuandika pembeni ya ahadi: limesemwa, limejibiwa, au halikutajwa. Halmashauri ikitoa orodha ya vitongoji vya mkandarasi wa REA, ichukueni siku hiyohiyo mlinganishe na ukurasa huo, maana kitongoji kikirukwa ni rahisi kukirudisha kabla mkandarasi hajashusha nguzo kuliko baada ya kuondoka.